Bakteria Nao Hungoja Akidi

(Hotuba hii ilisomwa na mwanafunzi wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Tunaichapa kama alivyoisoma, kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kufika na ya wanafunzi waliopo shuleni.)



 Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya sayansi ya kisasa na maendeleo ya wilaya zetu za Ngara na Biharamulo. Mada hiyo ni pana kama pori la Burigi, na mtu akiingia bila kuchagua njia atalala humo. Kwa hiyo nimechagua njia moja tu. Nitaeleza jinsi bakteria wanavyojua kwamba wametimia idadi, na jinsi wataalamu walivyoweza kuwafanya wawashe taa ya kijani pale idadi hiyo inapotimia.

Naona baadhi yenu mmeshaanza kutazamana. Mkulima wa Rulenge au wa Nyakahura ana haja gani na bakteria wanaowaka taa? Naomba mnipe subira kidogo, kwani nitaanzia kwenye migomba.

ADUI ALIYE KIMYA

Hakuna haja ya kumweleza mtu wa kwetu thamani ya mgomba. Mgomba ni chakula, ni rubisi ya harusi, na kwa wengi wetu tuliokaa katika ukumbi huu, mkungu wa ndizi uliouzwa barabarani ndio uliolipa ada ya shule. Kwa hiyo ugonjwa wa mgomba ni ugonjwa wa nyumba nzima.

Ugonjwa ninaousema ni mnyauko wa migomba, ambao mkoani Kagera tunauita unyanjano. Huletwa na bakteria wa ukoo wa Xanthomonas. Kitaalamu ulielezwa kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, katika mmea uitwao enseti ambao ni ndugu wa mgomba, na mwaka 1974 ukaelezwa katika migomba yenyewe huko huko. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na katika miaka michache iliyofuata ukajulikana Kongo ya mashariki, Rwanda na Kenya. Mwaka 2006 ulithibitishwa katika mkoa wetu, wilayani Muleba, na baadaye ukatufikia na sisi.

Dalili zake wengi mnazijua. Majani hugeuka manjano na kunyauka. Ua dume hukauka. Ndizi huiva kabla ya wakati wake zikiwa bado changa, na ukizikata unakuta ndani zimekuwa za kahawia. Shina likikatwa hutoa ute wa manjano hafifu. Ugonjwa huchukuliwa na panga lililokata mgomba mgonjwa likaenda kukata mzima, na nyuki na nzi wanaotembelea maua dume, na machipukizi yanayotolewa shamba moja kupelekwa jingine.

Lakini liko jambo moja linalomchanganya sana mkulima. Mgomba ulioambukizwa huweza kusimama wiki kadhaa, na hata miezi, ukionekana mzima kabisa. Kisha, kama kwamba amri imetolewa, dalili hutokea kwa haraka, na mwenye shamba husema amerogwa. Bakteria walikuwa wapi siku zote hizo, na walikuwa wakifanya nini? Ili tupate njia ya kulifikiria swali hili, hapana budi tuache migomba kwa muda mfupi twende baharini.

NGISI NA DEBE LA MAHARAGE

Katika bahari ya visiwa vya Hawaii yuko ngisi mdogo anayewinda usiku. Chini ya mwili wake ana kifuko kilichojaa bakteria wanaotoa mwanga, na mwanga huo humsaidia asionekane kama kivuli cheusi kwa maadui walio chini yake mbalamwezi inapoangaza. Kila asubuhi ngisi huyo huwatoa nje sehemu kubwa sana ya bakteria hao, wapatao 95 katika kila 100. Wanaobaki huzaana mchana kutwa, na usiku ukiingia wanakuwa wamejaa tena na mwanga upo tayari. Wanapokuwa wachache hawawaki.

Mwaka 1970, Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings wa Marekani walieleza majaribio waliyofanya kwa bakteria wa aina hii katika mchuzi wa chakula chao maabarani. Bakteria walizaana tangu mwanzo, lakini mwanga haukuongezeka sambamba nao. Ulikaa chini kwa saa kadhaa, kisha ukapanda ghafula. Watafiti hao walionyesha kwamba bakteria wenyewe humwaga kitu fulani ndani ya mchuzi. Kitu hicho kikiwa kidogo, taa hazina kazi. Kikijaa kiasi, wote huwaka kwa pamoja.

Wanafunzi, fikirini mkutano wa kijiji unaofanyika gizani, hakuna anayemwona mwenzake. Imekubaliwa kwamba kila anayeingia atakuwa akidondosha punje za harage ndani ya debe, moja baada ya nyingine, muda wote atakaokuwapo. Debe lenyewe limetoboka, punje zinavuja. Wakiwepo watu watatu, punje huvuja zote na debe hukaa tupu. Wakiwepo mia mbili, debe hujaa kuliko linavyovuja. Mwenyekiti hana haja ya kuita majina. Anatia mkono ndani ya debe, akikuta limefika alama, anasema: akidi imetimia, kikao kianze.

Hivyo ndivyo bakteria wanavyofanya. Punje ya harage ni molekuli ndogo ambayo kila bakteria huitengeneza na kuitoa nje. Mwaka 1994, Clay Fuqua, Stephen Winans na Peter Greenberg walipoandika makala ya kukusanya elimu hii, waliazima neno la mikutano kuwa jina lake. Sisi Waswahili neno hilo tunalo siku nyingi: ni akidi. Tangu hapo elimu hii inaitwa kuhisi akidi.

Kwa nini bakteria asubiri? Kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa. Bakteria mmoja akitoa mwanga katika bahari nzima amepoteza nguvu zake bure. Bakteria mmoja akimwaga vimeng'enya vya kuyeyusha kuta za mmea, hatapata chakula cha maana, na mmea utamshtukia. Lakini wakifanya hivyo milioni kadhaa kwa wakati mmoja, mambo yanakuwa mengine.

MASIJALA YA BAKTERIA

Sasa tuingie ndani ya bakteria tuone amri hutolewaje. Mimi ni mtumishi wa ofisi, kwa hiyo nitatumia mfano wa masijala. Ndani ya bakteria mna maelfu ya majalada, na kila jalada lina maelezo ya kutengeneza kitu fulani. Majalada hayo ndiyo jeni. Majalada yote hayasomwi kwa wakati mmoja. Mbele ya kila jalada, au ya kundi la majalada, pana sehemu ya kuidhinisha. Sehemu hiyo ni kipande kifupi cha DNA kiitwacho promota. Promota ikiidhinishwa, jalada linasomwa na kazi inafanyika. Isipoidhinishwa, jalada linabaki rafuni.

Katika bakteria wa ngisi, jalada moja liitwalo luxI hutengeneza punje, yaani ile molekuli ya ishara. Jingine, luxR, hutengeneza afisa wa kuidhinisha. Afisa huyu hana muhuri mpaka ashikane na punje ya ishara. Punje zikiwa chache, maafisa wengi hawana mihuri. Zikiwa nyingi, huipata, huenda kwenye promota ya lux, na majalada ya mwanga husomwa. Miongoni mwa majalada yanayofunguliwa ni lile la kutengeneza punje zaidi, na hiyo ndiyo sababu mwanga hupanda kwa ghafula badala ya kupanda pole pole.

Mwaka 1983, JoAnne Engebrecht, Nealson na Michael Silverman waliyachukua majalada hayo yote wakayatia ndani ya bakteria mwingine, Escherichia coli, ambaye kwa asili hana mwanga hata chembe. Akawaka, naye akawaka kwa kufuata akidi. Hapo ikadhihirika kwamba utaratibu huu huweza kuhamishwa kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine, kama fundi anavyoitoa swichi katika nyumba moja akaifunga katika nyumba nyingine.

TAA YA KIJANI

Ilibakia kupata taa nyepesi. Mwaka 1962 Mjapani Osamu Shimomura na wenzake walitenga protini kutoka kwa yavuyavu, yule mnyama wa baharini laini kama ute, huko pwani ya magharibi ya Marekani. Protini hiyo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hurudisha mwanga wa kijani. Mwaka 1992 Douglas Prasher alieleza jeni yake, na mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha kwamba jeni hiyo, ikitiwa ndani ya bakteria au ndani ya mnyoo mdogo, huwaka bila kuhitaji vifaa vingine kutoka kwa yavuyavu. Shimomura, Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008 kwa kazi hiyo. Protini yenyewe hujulikana kwa herufi GFP.

Ndugu zangu, unganisheni mambo haya mawili. Ukichukua promota ya lux, ambayo huidhinishwa akidi ikitimia, na nyuma yake ukaweka jalada la GFP, umepata bakteria mtoa taarifa. Wakiwa wachache mchuzi ni mweusi. Wakitimia, unang'aa kijani. Ukimnyang'anya bakteria huyo jalada la kutengeneza punje zake mwenyewe, hawezi tena kuwahesabu wenzake, lakini anaweza kuzihisi punje zinazotoka kwa bakteria wengine. Amekuwa mpelelezi.

Msidhani kazi hii ni rahisi kama ninavyoisema. Promota huvuja: jalada husomwa kidogo hata kabla ya idhini, na mtafiti hudanganyika na mwanga usio na maana. Hivyo hubadilisha herufi chache za promota, au hupunguza idadi ya nakala zake ndani ya bakteria, mpaka giza liwe giza na mwanga uwe mwanga. GFP nayo huhitaji hewa ya oksijeni ili iive, kwa hiyo mahali pasipo na hewa akidi yaweza kutimia na taa isiwake. Tena GFP ni ngumu kuharibika. Kikao kimekwisha, wajumbe wamekwenda zao, taa bado inawaka. Watafiti huifungia mkia mdogo unaoifanya ivunjwe mapema. Na siku zote hapana budi mwanga ugawanywe kwa wingi wa bakteria, la sivyo hutajua kama mwanga umeongezeka kwa sababu kila mmoja amewaka zaidi, au kwa sababu tu wamekuwa wengi.

Mafundi wa mambo haya wamefika mbali. Mwaka 2004, watafiti wa Marekani waliunganisha swichi ya akidi na jeni ya kuua, wakapata bakteria ambao wakizidi kiasi hujipunguza wenyewe, na idadi yao ikakaa palepale. Mwaka 2005 wengine waliwafanya bakteria wachore duara za kijani na nyekundu juu ya sahani ya maabara, kwa kufuata tu ishara inavyopungua kadiri unavyokwenda mbali na chanzo chake.

KUTOKA GOMA HADI SHAMBA LA KABICHI

Elimu hii ina uhusiano gani na magonjwa yetu? Mwaka 1994, mwaka ule ule wa GFP na wa jina la akidi, sisi wa Ngara tunaukumbuka kwa jambo jingine. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili, katika muda wa siku moja na usiku wake, zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kukaa Benaco. Mwezi wa Julai wengine wengi zaidi walikimbilia Goma, upande wa Kongo, na huko wakimbizi wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Bakteria wa kipindupindu naye huhisi akidi, ila yeye hufuata utaratibu wa kinyume. Wanapokuwa wachache tumboni hushika ukuta wa utumbo na kutoa sumu. Wakishajaa huacha kutoa sumu, hujibandua na kutoka nje kwa njia ya kuhara, wakatafute watu wengine. Jambo hili lilielezwa mwaka 2002 na watafiti, miongoni mwao Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 2010, Faping Duan na John March wa Chuo Kikuu cha Cornell walitengeneza bakteria wa tumboni asiye na madhara, wakamfundisha kutoa ishara ya kipindupindu. Watoto wa panya waliopewa bakteria huyo mapema walinusurika kwa wingi zaidi kuliko wenzao, kwa sababu bakteria wa kipindupindu walioingia baadaye walidhani wametimia, wakaacha sumu. Hayo yalifanyika kwa panya; tiba ya binadamu ni safari nyingine ndefu. Na tusichanganye bakteria na virusi. Marburg iliyotangazwa Biharamulo mwezi Januari 2025 ni virusi, na mambo ninayoyaeleza leo hayahusiani nayo.

Sasa turudi shambani. Wale Xanthomonas wa migomba wana ndugu yao anayeozesha kabichi na kuacha mishipa myeusi katika majani. Katika huyu wa kabichi, watafiti wa Uingereza walieleza mwaka 1997 ishara inayotoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa wengine, na muundo wa molekuli hiyo ukajulikana mwaka 2004. Ishara ikijaa, bakteria humwaga vimeng'enya vya kuvunja kuta za mmea. Bakteria walionyang'anywa uwezo wa kutoa ishara hiyo hushindwa kuleta ugonjwa kama kawaida yao.

Je, yule wa migomba yetu naye hufanya vivyo hivyo? Tabia ya ndugu si ushahidi wa kumfunga mtu. Kila aina ya bakteria lazima ipimwe yenyewe, na hapo ndipo yule mpelelezi wa taa ya kijani anapokuwa na kazi. Swali hilo lina heshima ya kutosha kumpeleka mmoja wenu chuo kikuu.

HESABU YA DAKIKA ISHIRINI ZA MWISHO

Hata kabla ya kupata jibu hilo, yako mafunzo ya kutumia leo. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu, tufanye hesabu pamoja. Bakteria mmoja akijigawa mara mbili kila baada ya dakika 20, kama Escherichia coli afanyavyo akiwa na chakula kizuri, baada ya migawanyo 20 watakuwa 1,048,576. Muda uliotumika ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40. Sasa niambieni: nusu yao ilipatikana lini? Ilipatikana katika dakika 20 za mwisho. Saa moja kabla ya mwisho walikuwa sehemu moja tu ya nane.

Ndani ya mgomba bakteria hawazaani kwa kasi hiyo, lakini kanuni ya hesabu ni ile ile. Muda mrefu wa ugonjwa hupita katika kimya, na wingi wa adui hutokea mwishoni. Anayengoja kuona shamba limegeuka manjano ndipo achukue panga, amefika kikao kimeshapitisha maazimio.

Zamani wakulima waliambiwa wang'oe shina zima pamoja na machipukizi yake yote. Kazi hiyo ni nzito, na mtu akiona mgomba mmoja unaumwa huku mitano iliyo pamoja nao inaonekana mizima, moyo unamkataza. Wengi waliuficha ugonjwa. Baadaye watafiti waliofanya kazi katika nchi za Maziwa Makuu walionyesha kwamba bakteria hawafiki katika kila chipukizi la shina moja. Kwa hiyo inatosha kukata mara moja ule mgomba wenye dalili, usawa wa ardhi, kisha kurudi kila wiki kukagua na kukata mwingine ukionyesha dalili. Kwa lugha yetu ya leo, unawapunguza wajumbe kabla hawajatimia.

Mengine mnayajua, nayakumbusha tu. Ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara tu kichane cha mwisho kinapotokea. Panga lipitishwe kwenye moto au lioshwe kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Machipukizi yatoke katika shamba linalojulikana kuwa safi. Mifugo isiachiwe katika shamba lenye ugonjwa. Penye mashaka, muulizeni afisa ugani wa kata yenu, na tukumbuke kwamba katika mkoa wetu tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, karibu na Bukoba, ambacho migomba ni kazi yake.

Asije mtu akatoka hapa akaenda kutangaza kwamba iko dawa ya bakteria wanaong'aa inauzwa dukani. Haipo. Viumbe waliotengenezwa namna hii hukaa maabarani chini ya sheria, na ni vizuri iwe hivyo. Njia nyingine za kutumia jeni zimejaribiwa katika migomba jirani zetu Uganda: kuanzia mwaka 2010, huko Kawanda, watafiti waliotia jeni za pilipili hoho katika migomba waliipanda katika shamba la majaribio lililozungushiwa ulinzi, na mingi ilistahimili mnyauko. Lakini mkulima wa Ngara leo ana kijiti chake, moto wake na macho yake. Hivyo vikitumiwa mapema si haba.

AKIDI YETU SISI

Ndugu Mwenyekiti, katika kazi yangu nimekaa vikao vingi ambavyo havikuendelea kwa sababu akidi haikutimia. Wajumbe walikuja, wakanywa chai, wakaondoka. Mnyauko wa migomba hauwezi kushindwa na mkulima mmoja. Ukikata yako na jirani asikate, nyuki hawasomi mipaka ya shamba. Panga la kukodi linalozunguka kutoka nyumba hadi nyumba halijui nani ametii na nani hakutii. Kitongoji kizima lazima kikague juma moja, pamoja. Bakteria asiye na ubongo ameweza kuwangoja wenzake akafanya kazi nao. Ni aibu sisi tushindwe.

Kwenu wanafunzi nina maombi mawili. La kwanza, mfanye jaribio lisilohitaji fedha. Chukueni shina la mnyanya ulionyauka ghafula ukiwa bado mbichi, likateni, liningʼinizeni ndani ya glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache mtaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka penye mkato. Hao ni bakteria kwa mamilioni pamoja na ute wao, na aina hiyo ya nyanya nayo hutoa ute huo kwa wingi ikishahisi akidi. Mkimaliza, choma shina, mwaga maji mbali na bustani baada ya kuyachemsha, na oshe kila mtu mikono kwa sabuni. Mtakuwa mmeona kwa macho yenu kitu ambacho mimi nilikisoma tu vitabuni mpaka nilipofika chuo kikuu.

La pili, msiogope majina. Nilipokuwa nimekaa hapo mlipo, tulidhani sayansi ya jeni ni ya watu wa mbali wasiojua hata mgomba. Kumbe swali kubwa lililobaki limo katika shamba la nyumbani kwenu, na anayelijua vizuri shamba hilo ana hatua moja mbele ya mtaalamu wa mbali. Lililobaki ni hesabu, kemia, baiolojia, na uvumilivu.

Kwenu wanachama wenzangu ombi langu ni moja. Maabara ya shule yetu inahitaji hadubini, glasi za kupimia na vitabu. Nimekwisha mkabidhi Mweka Hazina mchango wangu, na orodha iko mezani kwake karibu na mlango. Kila mmoja akidondosha punje yake, hata kama ni ndogo, debe litafika alama kabla ya mkutano wa mwaka ujao. Mmoja akidondosha na wengine wakatazama, litavuja lote.

Ndugu Mwenyekiti, naona nawe unatazama saa. Nipo tayari kupokea maswali, hasa kutoka kwa wanafunzi.